Umri, Cheo na Nafsi ya Pili: Lugha ya Heshima katika Kiswahili na Kijapani

1.0 Utangulizi

Kila jamii ina namna ya kumtukuza msikilizaji, lakini lugha haziihifadhi heshima hiyo mahali pamoja. Makala hii inalinganisha Kiswahili, kama kisemwavyo katika maeneo ya Misima, Handeni, sambamba na Kizigua, na Kijapani, lugha inayosifika kwa sarufi yake ya heshima.

2.0 Heshima katika Kiswahili

Kijana wa Misima akimkuta mzee njiani humwamkia shikamoo, naye hujibiwa marahaba. Neno la kwanza huelezwa kuwa ufupisho wa “nashika miguu yako”. La pili lina asili ya Kiarabu. Jozi hii haigeuzwi. Baada ya salamu, kiwakilishi wewe huepukwa, na nafasi yake huchukuliwa na mzee, mama, bibi, mwalimu, au jina la mtoto, kama Mama Asha. Hata hivyo, kitenzi cha nafsi ya pili hakina hiari: katika “Mzee, umeamkaje?” kiambishi u- ni kilekile anachoambiwa mtoto. Mzigo wa heshima hubebwa na salamu na nomino.

Kipimo kikuu cha salamu hiyo ni umri. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ndugu lilihimizwa ili kusawazisha vyeo. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, mheshimiwa lilishamiri katika siasa. Shikamoo ilivuka vipindi vyote viwili, kwa kuwa haikusimama juu ya cheo.

3.0 Heshima katika Kijapani

Kitenzi cha Kijapani hakina kiambishi cha nafsi. Mtendaji aweza kuachwa bila kutajwa, na umbo la kitenzi likadokeza ni nani. Iku, yaani “kwenda”, huwa irassharu kwa kumkweza mtendaji, na mairu msemaji anapojishusha. Mwaka 2007 Baraza la Utamaduni la Japani liliigawa lugha hiyo ya heshima, keigo, katika makundi 5 badala ya 3 yaliyozoeleka.

Tofauti kubwa zaidi ni kwamba heshima ya Kijapani hubadilika kulingana na msikilizaji. Mfanyakazi anapozungumza na mtu wa nje ya kampuni humtaja mkuu wake bila kiambishi -san, kwa sababu mbele ya mgeni mkuu huyo ni wa ndani. Mtoto wa Misima anayemweleza mgeni habari za baba yake hamshushi: baba hubaki baba, au mzee.

4.0 Hitimisho

Ulinganishi huu una uzito kwa mfasiri. Akiweka Bwana kila penye -san, huzidisha urasmi ambao Wajapani wenyewe hawausikii. Akiweka shikamoo penye keigo, huwapa wahusika tofauti ya umri ambayo huenda matini chanzi haina. Kabla ya kuchagua neno, hana budi kujua ni nini kinachoheshimiwa: umri, cheo, au ugeni.