Enoch Sontonga: Mwalimu wa Shule Aliyetunga Sauti ya Wimbo Wetu wa Taifa

Katika shule za msingi za Zagayu, mkoani Simiyu, kama ilivyo katika shule nyingine nchini, wanafunzi hujipanga mistarini asubuhi na kuimba Wimbo wa Taifa. Wanachuo niliopata kuwakagua huko wakati wa mazoezi ya kufundisha waliufahamu wimbo huo barabara. Hata hivyo, nilipowauliza ni nani aliyetunga sauti yake, wengi walinyamaza, na mmoja akajibu kwamba ulitungwa na Serikali. Jibu hilo si la kuchekwa, kwani Mungu Ibariki Afrika ulifanywa wimbo wa taifa la Tanganyika wakati wa Uhuru, mwaka 1961. Lakini sauti yenyewe ilikuwa imekwisha kutungwa miaka 64 kabla ya hapo, na aliyeitunga alikuwa mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka ishirini na minne hivi, yaani umri wa wengi wenu.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, katika Jimbo la Cape la Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa. Alipata mafunzo ya ualimu katika Chuo cha Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Pamoja na kufundisha aliongoza kwaya, na tena alikuwa mpiga picha. Nyimbo zake alizitunga kwa ajili ya wanafunzi wake, na Nkosi Sikelel' iAfrika, aliyoitunga mwaka 1897, ilikuwa mojawapo tu ya nyimbo hizo.

Yafaa tutazame jinsi alivyoandika, maana hapa ndipo penye faida kwa mwalimu. Sontonga hakuandika kwa nota za mistari mitano bali kwa solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti. Utaratibu huo ulibuniwa Uingereza na mwalimu wa kike aitwaye Sarah Glover, ukaendelezwa na John Curwen (1816–1880), na wamisheni wakaueneza katika shule za Afrika. Kila sauti huandikwa kwa herufi yake, na vituo vya kawaida vya uandishi huonyesha urefu wa mapigo. Kwa hiyo wimbo wa sauti nne waweza kuandikwa ubaoni kwa chaki, au kwenye daftari la kawaida, wala hauhitaji karatasi maalumu. Mwalimu asiye na kinanda hana kisingizio.

Wimbo wenyewe umejengwa kwa namna hiyo hiyo ya kuhurumia waimbaji. Vifungu vyake ni vifupi na hurudiwa, na sauti nne huenda pamoja kama katika nyimbo za ibada. Mwanafunzi aliyeshika kifungu kimoja amekwisha kupata njia ya kukishika kinachofuata. Nadhani hii ni sababu mojawapo iliyoufanya usafiri mbali. Uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliueneza katika matamasha. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa mjini Bloemfontein katika mkutano wa kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, na mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi katika santuri jijini London. Mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba mwaka 1927. Baada ya Tanganyika, Zambia nayo iliichukua sauti hiyo na kuipa maneno yake. Zimbabwe iliutumia wimbo tangu 1980 hadi 1994. Na mwaka huo wa 1994 ukawa mmoja wa nyimbo mbili za taifa za Afrika Kusini, kabla ya kuunganishwa na mwenzake mwaka 1997.

Sasa turudi Zagayu. Katika shule moja nilimkuta mwanachuo akiwagombeza watoto wa Darasa la Tatu kwa kuimba ovyo. Kosa halikuwa la watoto. Kiranja alikuwa ameanza juu mno, na walipofika mahali pa kupanda, nusu ya darasa ikakosa pumzi na nusu nyingine ikashuka kwa sauti yake yenyewe. Nilimwomba mwanachuo aguune do ya chini zaidi, watoto waiitikie mpaka iwe moja, kisha aimbe kifungu kimoja nao wakirudie, bila kutazama maneno yoyote. Dakika kumi zilitosha. Watoto wa Usukuma hawana haja ya kufundishwa kupokezana. Wamekua wakimsikia manju akitoa wimbo na wachezaji wakiuitikia katika mashindano ya Wagika na Wagalu. Anzeni na ujuzi huo. Sauti nne ziacheni kwa madarasa ya juu. Kwa Darasa la Tatu ni kuwachosha bure.

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32 hivi, akamwacha mkewe Diana na mtoto mmoja wa kiume. Kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miaka mingi. Watafiti walipopekua daftari la makaburi ya Braamfontein walitafuta chini ya jina Sontonga bila mafanikio, kumbe mwandishi alikuwa ameandika Enoch tu. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua mnara hapo.

Daftari la nyimbo zake lilikuwa moja. Viongozi wa kwaya walikuwa wakiliazima ili wanakili, kisha likabaki kwa ndugu mmoja wa ukoo, na hatimaye likatoweka. Nyimbo nyingi alizowatungia wanafunzi wake wa Nancefield zilipotea pamoja nalo.