Jani la Urambo na Pacha Wake wa Kiwandani

Ukitoka Tabora mjini kwenda Urambo unafuata ile njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, ambayo mtemi Mirambo aliifunga mwaka 1871 alipogombana na Waarabu wa Tabora. Mali ya wakati huo ilikuwa pembe za ndovu. Siku hizi ni tumbaku, na historia yake haina fahari: Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947, ukafa 1951, Urambo ikageukia tumbaku.

Mkulima wa huko anajua kwamba akikata maua, jani hunenepa na kuwa kali. Ukali huo ni nikotini, ambayo mmea huitengeneza mizizini na kuipandisha majanini. Asichokisikia sokoni, marobota yanapopangwa madaraja, ni kwamba nikotini ina upande. Atomi zilezile zinaweza kuungana kwa namna mbili zinazotazamana, kama kandambili ya kushoto na ya kulia. Mmea hutengeneza takriban zote za upande mmoja, unaoitwa S. Upande wa pili, R, ni chembe tu. Mwili wa binadamu nao una upendeleo, maana S ina nguvu zaidi mara kadhaa.

Kemia ya kawaida haina upendeleo huo. Wanakemia Amé Pictet na Rotschy walipoiunda nikotini mwaka 1904, walipata mchanganyiko wa pande zote mbili, wakautenganisha kwa asidi ya tatariki. Asidi hiyo yenyewe ina upande, kwa hiyo chumvi inazounda na S na R hazigandi sawa. Maabara za leo hutumia mrija mwembamba uliojazwa unga wa silika uliopakwa selulosi iliyofanyiwa marekebisho. Sampuli ikisukumwa humo, upande mmoja hunatana zaidi na selulosi na kuchelewa kutoka. Mchoro huonyesha vilele viwili, na ukubwa wa kila kimoja husema kiasi chake.

Kwa nini mtu ahangaike hivyo? Kwa sababu ya sheria. Marekani ilidhibiti bidhaa zitokanazo na tumbaku, na kampuni za sigara za kielektroniki kama Puff Bar zikadai nikotini yao haikuguswa na jani lolote. Kilele kikubwa cha R kingethibitisha dai hilo. Mwaka 1904 hakuna aliyewaza kwamba kazi ile ingekuwa ya mawakili. Bunge la Marekani liliziba mwanya huo Machi 2022, wakaja wengine na 6-methilinikotini, molekuli iliyobadilishwa kidogo tu.

Huo ndio mchezo wa dawa mpya za kulevya pia. Kathinoni ya mirungi, jani jingine la Afrika Mashariki, nayo ni ya upande wa S. Jamaa zake wa kiwandani, mefedroni mmojawapo, kwa kawaida huuzwa pande zote mbili zikiwa pamoja. Wachunguzi huzitenganisha kwa mrija uleule, au kwa umeme ndani ya kapilari yenye saiklodekstrini, sukari za mviringo zinazotokana na wanga.

Lakini kipimo cha pande hakitoshi tena kwa nikotini. Viwanda vimejifunza kutengeneza S tupu, na kilele cha R kinatoweka. Ndipo wanakemia wanapotafuta kaboni-14: jani lililovuta hewa msimu uliopita linayo, na nikotini iliyoundwa kwa malighafi ya petroli haina.