Si kila uvimbe wa mshipa wa ubongo ni aneurisimu

Mkazi wa Biryogo, mtaa wa Waswahili jijini Kigali, anapopigwa picha ya ubongo hospitalini, majibu yake mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Humo neno moja tu, aneurisimu, laweza kumnyima usingizi. Hata hivyo, mishipa ya ubongo ina maumbile ya kawaida yanayofanana na aneurisimu bila kuwa ugonjwa.

Aneurisimu ni sehemu ya ukuta wa mshipa iliyodhoofika na kutuna kama kifuko. Hukadiriwa kuwapo kwa watu wazima wapatao 3 katika kila 100, na nyingi hazipasuki kamwe. Ikipasuka, damu huvuja kuuzunguka ubongo, na maisha huwa hatarini mara moja.

Umbile linalodhaniwa kuwa aneurisimu mara kwa mara ni infundibulamu. Hapa mshipa mdogo, unapochipuka kutoka mshipa mkubwa, huanza ukiwa mpana kama mdomo wa faneli.

Wataalamu wa picha hutazama mambo matatu. Kwanza ni ukubwa: infundibulamu kwa kawaida haizidi milimita 3. Pili ni umbo: faneli husinyaa sawasawa pande zote, ilhali aneurisimu aghalabu huvimba upande mmoja. Tatu ni mahali mshipa mdogo unapotokea: katika infundibulamu hutoka kwenye ncha ya faneli, katika aneurisimu hutoka pembeni mwa kifuko au karibu na shingo yake.

Picha isiyo wazi huweza kuuficha mshipa huo mdogo. Kwa hiyo daktari anapoagiza kipimo cha pili, si lazima iwe ishara ya hatari. Huenda anatafuta uhakika. Infundibulamu ikithibitishwa, kwa kawaida haihitaji upasuaji, ingawa daktari anaweza kushauri picha irudiwe baadaye, kwa kuwa chache zimewahi kugeuka aneurisimu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: ni umbile au ni ugonjwa? Una milimita ngapi? Nirudi lini?

Utulivu huo usigeuke uzembe. Maumivu ya kichwa ya ghafla na makali kuliko yote, kutapika, shingo kukakamaa, kuzimia, au kope moja kulegea huku mboni ikipanuka, ni dharura: piga 912 kuita gari la wagonjwa. Na kwa kila mtu, kudhibiti shinikizo la damu na kuacha tumbaku hupunguza hatari.