Padi Kuukuu: Ifunguliwe Kabla ya Kutupwa

Ni nyumba chache zenye vijana, Likoni, Kisauni au Changamwe, ambazo hazina mfuko chini ya meza ya televisheni wenye padi mbili tatu za michezo ya video zilizoacha kufanya kazi. Moja kitufe chake hakisikii. Nyingine humwendesha mchezaji upande wa kushoto hata mkono ukiondolewa. Ya tatu waya wake umechunika. Mashine yenyewe, aghalabu PlayStation 2 iliyoletwa na mjomba kutoka Dubai au kununuliwa ikiwa imekwisha tumika, ingali nzima. Kilichokosekana ni cha kushika mkononi. Kikikosekana hicho, vijana huhamia kwenye kibanda cha mtaa, ambako kila mchezo hulipiwa na saa ya kurudi nyumbani haiulizwi. Akina mama wanaijua hesabu hiyo kuliko sisi.

Tumeketi na mafundi wa simu na redio wa pande hizi, na padi kadhaa tumezifungua wenyewe, nasi tumeridhika na neno moja: nyingi zinazotupwa hazijafa. Zimechafuka tu, au zimepungukiwa na kitu ambacho thamani yake haifiki nauli ya kwenda mjini na kurudi.

Yafaa kuzihifadhi, kwa kuwa mfano wake hautengenezwi tena. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1994. Padi yenye vijiti viwili na mtetemo ikafuata mwaka 1997. PlayStation 2 ikaja mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 ulimwenguni, na uundaji wake ukakoma mwanzoni mwa 2013. Kwa hivyo ile “mpya” ya madukani leo aghalabu ni ya kuiga. Padi ya asili ina mota mbili za mtetemo, kubwa upande wa kushoto na ndogo upande wa kulia, ndiyo maana huwa na uzito wa haki mkononi. Ya kuiga mara nyingi ni nyepesi kama kopo tupu. Sisi twaona ya asili iliyotengenezwa vyema yaishinda ya kuiga iliyo ndani ya karatasi yake.

Adui wa kwanza ni pwani yetu yenyewe. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Humo mna jasho la viganja, vumbi, na mafuta ya viazi vya karai vilivyoliwa mchezo ukiendelea. Chini ya kila kitufe kuna raba laini. Katika padi za zamani zaidi, zikiwamo zile za mashine za kaseti zilizoiga Nintendo ya mwaka 1983, raba hiyo ina doa jeusi la kaboni linaloshuka juu ya bodi na kuunganisha njia mbili za umeme. Uchafu ukiingia kati, kitufe huwa kiziwi. Dawa yake ni nyepesi: raba ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, doa jeusi lisisuguliwe, kisha ianikwe kivulini hadi ikauke kabisa. Bodi ipanguswe kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti safi ya kusafishia vyombo vya umeme. Spiriti ya vidonda kutoka duka la dawa huenda ikawa na mafuta, nayo huacha utando. Mafuta ya cherehani ndiyo kabisa yasikaribie.

Padi ya PlayStation 2 ina ugonjwa wake mahsusi, nao huwadanganya wengi. Ndani yake mna utando mwembamba wa plastiki wenye njia za umeme, na ncha yake hubanwa juu ya bodi. Kwa miaka, mbano huo hulegea. Vitufe vikaanza kujibonyeza vyenyewe au kunyamaza vyote kwa pamoja. Mwenye padi hudhani imeungua. Fundi huifungua, akaisafisha ncha hiyo, akaweka chini yake kipande cha utepe wa kugandisha kilichokunjwa ili kuikaza, akafunga. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Vijiti ni habari ngumu zaidi. Kila kimoja huegemea vipimo viwili vidogo vyenye njia ya kaboni, na juu ya njia hiyo hupita kidole cha chuma. Ikiwa ni vumbi, spiriti hutosha. Ikiwa njia imelika, hapana budi kuondoa kifaa kizima na kulehemu kingine, kazi ya mkono uliozoea. Waya nao hukatika pale pale unapoingia padi, kwa sababu watoto huuzungushia kwa nguvu mchezo ukiisha. Fundi hukata sehemu iliyokufa na kulehemu upya. Picha ipigwe kwa simu kabla ya kukata, maana rangi za nyuzi hazifanani padi zote.

Hapa twataka kusema na wazazi waziwazi. Lehemu nyingi ina risasi, na moshi wake haufai mapafuni. Kazi hiyo ifanywe dirishani au barazani, mbali na jikoni na mbali na mama mjamzito au mtoto mchanga, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula. Kusafisha, hata hivyo, mtoto wa miaka kumi aliye na bisibisi ya nyota na sahani ya kuwekea skrubu aweza kukufanya, mkubwa akimwangalia. Wala tusiwaite wavulana peke yao. Binti anayeweza kuingiza uzi kwenye sindano na kushona kofia ya vito tundu kwa tundu ana subira na jicho ambalo fundi wengi wa barabarani hawana, na kazi hii yaweza kumletea kipato akiwa nyumbani.

Padi zisizo na waya za mashine za baadaye zina betri ya lithiamu. Ikivimba, isitobolewe, isichajiwe, wala isitiwe katika takataka zinazokwenda jaa la Mwakirunge, ambako moto wake huwafikia wengine. Itengwe penye ubaridi na apewe fundi anayepokea betri mbovu.

Na ile padi isiyoponyeka kabisa? Iwekwe katika kopo la maziwa lenye kifuniko, pamoja na kifuko cha mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Raba zake, vifuniko vya vijiti, skrubu, hata waya, vyote vitaombwa na mwenziwe kabla mwaka haujaisha.