Usimchague mtoto wa mbwa kwa rangi

Familia inaweza kununua mtoto wa mbwa mweusi pale Nanganga, njia panda ya Ruangwa na Nachingwea, na baada ya miezi michache ikajikuta inafuga mbwa wa kahawia. Si lazima iwe imetapeliwa. Manyoya ya utotoni hupukutika, na ya ukubwani huja na rangi yake. Mbwa wa Dalmatian huzaliwa weupe, madoa hujitokeza baadaye.

Ila manyoya yakinyonyoka kwa mabaka na mbwa akajikuna sana, huenda ni ugonjwa wa ngozi. Mpelekeni kwa mtaalamu wa mifugo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize umri, aoneshwe mama na aulize habari za chanjo. Mtoto asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane. Mfugaji naye asimpandishe jike kwenye joto la kwanza, wala ndugu kwa ndugu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa isikose. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huo karibu kila mara huua, na wanaong'atwa wengi ni watoto.