Juu ya nini tulicheka Goku?



Jumamosi moja, katika nyumba ya kulala, tulimukuta mdogo wetu wa mwaka wa kwanza na mchezo wa video wa zamani, alioazima kwa kaka yake. Sisi wakubwa tulicheka sana. "Hii nini? Picha iko kama matofali!" Mtoto akanyamaza, akafunga mashini, machozi karibu. Kiisha tukajiuliza: tumecheka kitu tunachokijua, ao tumecheka tu? Basi tukatafuta kujua. Haya ndiyo tuliyopata.

Mchezo huo unaitwa Dragon Ball: Shenron no Nazo. Ulitoka Japani mwaka 1986, kwa mashini ya Nintendo inayoitwa Famicom. Unatokana na kitabu cha picha, ndicho Wajapani wanaita manga, alichoanza kutoa Akira Toriyama mwaka 1984. (Mzee huyu alifariki mwaka 2024.) Goku, mtoto mwenye mkia, yuko njiani kutafuta mipira saba. Mwenye kuikusanya yote anaita joka, nalo linamupa ombi moja.

Sasa juu ya nini picha ni maskini vile? Famicom ilikuwa na nafasi ya kazi ya herufi 2048 tu. Makala hii unayosoma haingeenea ndani! Kila kitu kinachotembea kinafanyika kwa vipande vidogo, vya nukta 8 kwa 8 ao 8 kwa 16, na kila kipande kina rangi tatu tu. Tena mstari mmoja wa kioo unachukua vipande 8, hapana zaidi. Ndiyo maana, katika michezo ya mashini hii, maadui wakizidi wanapotea na kurudi, pa! pa! Watu wanasema mashini iko mgonjwa. Sivyo. Watengenezaji wanawapa zamu, sasa huyu, kisha yule, ili kila mmoja aonekane. Na muziki? Sauti tatu za kuimba, moja ya kelele, na nafasi ndogo ya sauti iliyorekodiwa. Ni kama korali ya watu watatu na mpiga ngoma.

Na bado mchezo unapendeza. Kwanza, Goku akitembea unamuona kutoka juu. Akipambana na adui mkubwa unamuona kwa upande. Pili, nguvu zake zinapungua kila wakati, hata akisimama tu. Sharti apate chakula. Mtoto mwenye njaa njiani: nani kwetu haelewi hiyo? Tatu, na ndilo kubwa: mashini inatoa nukta chache, na yule aliyesoma kitabu anaongeza mengine kwa kichwa chake.

Tazameni mfano. Mwaka 1988 mchezo ulipelekwa Marekani. Huko Goku hakujulikana bado. Wakabadilisha sura yake, Bulma akaitwa Nora, na mchezo wenyewe ukaitwa Dragon Power. Lakini Ufaransa, ulipofika mwaka 1990, ulibaki na jina la Dragon Ball, kwa sababu watoto walikuwa wanamuona Goku kwenye televisheni tangu 1988. Nukta zilikuwa zile zile kwa mtu asiyemujua na kwa mtu anayemujua, lakini macho hayakuwa yale yale.

Tulimurudia mdogo wetu, tukamuomba samahani. Akafungua mashini, akatuonyesha: "Kaka, huyu ni Goku, sasa anatafuta nyama." Nasi tukamuona kweli. Tulicheza kwa zamu mpaka umeme ukakatika.

Wapendwa, gazeti letu hili nalo linatoka kwa karatasi nyembamba na wino mdogo. Herufi ikikosekana, munaijaza wenyewe, na neno linasomeka. Basi tusimucheke mwenye kidogo mbele ya kumuuliza ndani kuko nini.

Lakini saa ya kujisomea, mashini ikae ndani ya koferi. Hiyo tutaangalia!

Sisi wakubwa wa mwaka wa sita