Kwa nini mashabiki wa dansi Mtwara huusubiri wimbo mpya hadi bendi ifike

MASHABIKI wa muziki wa dansi mkoani Mtwara wana kalenda yao ambayo haikuandikwa mahali popote. Inapofika Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na magunia kuanza kuteremshwa katika maghala ya Newala, Tandahimba, Masasi na Mtwara mjini, maswali huanza kuulizwa vijiweni: ni bendi gani kongwe itakayovuka Mto Rufiji safari hii, itapiga kambi kwa siku ngapi, na je, itakuja na kibao kipya au itarudia vile vilivyozoeleka?

Swali hilo la mwisho laweza kuonekana dogo kwa kijana aliyezoea kuupata wimbo katika simu yake dakika ileile unapotolewa. Kwa shabiki wa Msondo au Sikinde ni swali kubwa, kwa sababu katika dansi wimbo mpya hauzaliwi studio. Huzaliwa ukumbini, mbele ya watu, na aliye mbali na ukumbi huo hana budi kusubiri.

Ukumbi ndio karakana

Msondo Ngoma, moja ya bendi kongwe kabisa nchini, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya Chama cha Wafanyakazi cha Taifa, NUTA, ikijulikana kwa jina la NUTA Jazz. Chama hicho kilipogeuka kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikabadili jina na kuitwa JUWATA Jazz. Katika miaka ya 1990 ikawa OTTU Jazz, na baadaye ilipojitegemea ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo, ambalo ni jina la ngoma ndefu ipigwayo katika unyago wa pwani. Mwaka 2024 bendi hiyo ilitimiza miaka 60.

Watani wake wa jadi, Mlimani Park Orchestra, walianza mwaka 1978 jijini Dar es Salaam wakiwa na baadhi ya wanamuziki waliotoka JUWATA, akiwamo marehemu Muhidin Maalim Gurumo. Bendi hiyo ilidhaminiwa kwanza na kampuni ya umma ya usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mtindo wake, Sikinde, nao ulichukua jina la ngoma ya asili.

Bendi hizi zimeishi kwa utaratibu wa kuwa na kumbi maalumu. Badala ya kuzunguka bila mpango, bendi huwa na siku yake na mahali pake, juma baada ya juma. Ukumbi wa DDC Kariakoo, kwa mfano, ulijulikana kwa miaka mingi kuwa ni nyumbani kwa Sikinde. Shabiki hakuhitaji tangazo la gazeti ili ajue bendi yake iko wapi. Alihitaji kujua leo ni siku gani.

Utaratibu huo ndio unaotengeneza wimbo. Mtunzi huleta maneno na sauti yake mazoezini. Mpiga gitaa la solo hutafuta njia yake, wapiga ridhim na besi huijengea nyumba, na safu ya tarumbeta na saksafoni hupangiwa mahali pa kuingilia. Baada ya hapo wimbo hujaribiwa usiku wa onyesho, ukichomekwa katikati ya vibao ambavyo watu wanavijua. Sehemu ya kwanza huimbwa taratibu ili maneno yasikike. Sehemu ya pili ni chemko, pale magitaa yanapoharakisha na waimbaji kuitikiana, na wacheza dansi kuonyesha wazi iwapo wameridhika.

Endapo watu watarejea vitini, bendi hujua kwamba kuna jambo la kurekebisha. Endapo watafika mbele ya jukwaa kumtunza mwimbaji, wimbo umepita. Zamani kibao kiliweza kupigwa hivyo kwa miezi mingi kabla ya kurekodiwa, na kwa maana hiyo wakazi wa Kariakoo na Ilala ndio waliokuwa wahariri wake wa kwanza.

Redio ilitangulia, bendi ikafuata

Wakazi wa Mtwara, Mikindani na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma kama vile Msimbati hawakuwamo katika kikao hicho. Wao waliupokea wimbo baada ya hukumu kutolewa, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam.

Kwa muda mrefu hapakuwa na njia nyingine. Sahani za muziki za bendi za Tanzania zilikuwa zikichapwa Nairobi, lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Rekodi zilizofanywa katika studio ya redio ya Taifa zikawa ndizo zinazobeba muziki wa dansi, na kwa kuwa redio ilikuwa moja, mvuvi wa Msangamkuu na karani wa Kariakoo walisikia wimbo mmoja kwa saa moja. Redio binafsi zilianza kusikika katika miaka ya 1990.

Hali hiyo ilijenga namna mbili za kuupenda muziki uleule. Shabiki wa Dar es Salaam aliujua wimbo ukiwa mbichi, akauona ukibadilika. Shabiki wa Mtwara aliujua ukiwa umeiva, akauhifadhi neno kwa neno, kisha akasubiri siku ambayo wenyewe wangekuja kuupiga mbele ya macho yake. Ndiyo maana ziara ya bendi huko Kusini haikuwa burudani ya usiku mmoja tu. Ilikuwa ni kuthibitisha kwamba sauti zile za redioni zina wenyewe.

Barabara na mto

Kusubiri huko kulikuwa na sababu nyingine iliyo wazi kwa kila msafiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takriban kilometa 560, na kwa miongo mingi safari hiyo ilikwama Rufiji. Magari yalivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mvua zilipozidi, mikoa ya Lindi na Mtwara ilikatika na sehemu nyingine za nchi. Waliokuwa na haraka walipanda ndege, na wengine walikuja kwa meli.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 na kukiondoa kikwazo cha kivuko. Hata hivyo, kipande cha kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwatesa wasafiri hadi kilipowekewa lami katika muongo wa 2010. Na jambo hilo halijawa historia kabisa: Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi katika maeneo kadhaa, na mabasi na malori yakakwama.

Bendi ya dansi huumia kuliko abiria wa kawaida. Msanii wa kizazi kipya aweza kushuka uwanja wa ndege akiwa na wacheza shoo wake na muziki wake katika kompyuta ndogo. Bendi kongwe husafiri na magitaa matatu au manne, ngoma, tumba, vinanda, vyombo vya kupuliza, spika na watu ambao kwa kawaida huzidi 15. Wote hao wanahitaji nauli, chakula na malazi kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Kwa sababu hiyo bendi haiwezi kuja Mtwara kwa usiku mmoja ikarudi. Ni lazima ipige kambi, ipange maonyesho ya mfululizo, na ikiwezekana ipande hadi Newala, Tandahimba na Masasi.

Korosho ndiyo inayofungua mlango

Hapo ndipo korosho inapoingia. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zikahifadhiwa ghalani na kuuzwa kwa mnada chini ya vyama vikuu kama MAMCU na TANECU. Fedha haziji siku ya mnada. Huja baadaye, kwa awamu, mnunuzi anapokwisha kulipa.

Mapromota wanaoijua Kusini husoma ratiba hiyo kama baharia anavyosoma maji. Onyesho likiwekwa juma la mnada, watu wana matumaini lakini hawana fedha. Likiwekwa baada ya malipo, ukumbi hujaa. Likichelewa mno, fedha zimekwisha kwenda kwenye mabati, ada za shule na madeni ya pembejeo. Na msimu unapoharibika, muziki nao hutikisika. Novemba 2018, baada ya wakulima kuikataa bei ndogo ya wanunuzi binafsi, Serikali iliamua kuzinunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, lakini malipo ya baadhi ya wakulima yaliendelea kucheleweshwa hadi mwaka uliofuata. Katika msimu wa namna hiyo, kiingilio cha dansi huwa cha kwanza kuondolewa katika bajeti ya nyumba.

Zamani pigo kama hilo lisingeitikisa bendi sana. Wanamuziki wa NUTA, JUWATA na DDC walikuwa waajiriwa. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mshahara uliingia hata kama ukumbi haukujaa. Udhamini huo ulipokwisha, bendi zilibaki na mlango wa ukumbi peke yake. Kwa kawaida bendi huchukua fedha za kiingilio, na mwenye ukumbi huchukua mauzo ya vinywaji. Kwa hiyo kila shabiki anayeamua kubaki nyumbani hupunguza moja kwa moja ujira wa mpiga besi na mpuliza tarumbeta.

Wimbo mpya ni ushahidi wa uhai

Kuna sababu nyingine inayofanya kibao kipya kusubiriwa kwa shauku iliyochanganyika na hofu. Sauti zilizoyafanya majina haya yajulikane zinazidi kunyamaza. TX Moshi William wa Msondo alifariki dunia mwaka 2006. Gurumo, aliyeimba katika NUTA tangu mwaka ilipoanzishwa na kupitia bendi zote mbili, alifariki Aprili 2014. Shaaban Dede, naye aliyewahi kuimba Msondo na Sikinde, alifariki Julai 2017.

Vibao vyao vimehifadhiwa, na yeyote mwenye simu aweza kuvisikiliza akiwa Msimbati au Muscat. Lakini bendi inayopiga vya zamani peke yake hugeuka kuwa kumbukumbu inayotembea. Wimbo mpya huonyesha kwamba yupo mtunzi anayeendelea kutunga, yupo kijana aliyekabidhiwa kipaza sauti, na yapo mambo ya leo ambayo dansi bado inaweza kuyasema kwa utulivu wake wa asili.

Ugumu ni kwamba mashabiki wenyewe wamegawanyika. Huulizia kipya, lakini kipya kinapoanza, wengi hupaza sauti wakitaka cha zamani. Dar es Salaam, bendi yenye ukumbi wake yaweza kulivumilia hilo. Watu wale wale watarudi juma lijalo na kukizoea kidogo kidogo. Mtwara hakuna juma lijalo. Bendi iliyokuja kwa usiku mmoja italinda kiingilio chake kwa kupiga vinavyojulikana, na wimbo mpya utarudi Dar es Salaam bila kusikika.

Tofauti na wengine

Hali hii si ya Tanzania peke yake, ingawa kwingineko sura yake ni nyingine. Kundi la rock la U2, lililoanza Dublin mwaka 1976, lilipiga kambi katika ukumbi wa Sphere mjini Las Vegas, Marekani, kuanzia Septemba 29, 2023 hadi Machi 2024, kwa maonyesho 40. Siku ya kwanza ya maonyesho ndiyo siku lilipotoa wimbo wake mpya. Mashabiki walipanda ndege kutoka nchi mbalimbali kulifuata kundi lilipo. Katika dansi ya Kusini mambo ni kinyume: shabiki hana uwezo wa kuifuata bendi Dar es Salaam kila juma, hivyo bendi ndiyo inayopaswa kumfuata.

Vijana wa Mtwara nao wana njia yao. Rajab Abdul Kahali, maarufu kwa jina la Harmonize, alizaliwa Chitoholi wilayani Tandahimba na kuwa mmoja wa wasanii wakubwa wa bongo fleva; lebo aliyoianzisha mwaka 2019, Konde Gang, imebeba jina la Wamakonde. Wimbo wake haungoji barabara wala korosho. Hufika Newala na Nairobi kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, kasi hiyo haijaondoa kile ambacho shabiki wa dansi hukitafuta. Yeye anataka kuwapo wakati wimbo ungali unatafuta umbo lake, auone ukikosea, auone ukipona, na pengine chemko lake lirefushwe kwa kuwa yeye na wenzake waligoma kuketi. Kwa miaka mingi haki hiyo imekuwa ya watu wa Dar es Salaam. Ikiwa bendi kongwe zitaweza kupiga kambi Mtwara kwa majuma mawili au matatu badala ya usiku mmoja, kwa ratiba inayofuata malipo ya korosho, watu wa Kusini watakuwa na usiku wa pili na wa tatu wa kukizoea kibao kipya. Ndiyo maana, korosho zinapoanza kuanguka, swali la mashabiki huwa ni siku ngapi kabla halijawa ni lini.